Mtoto Apewe Mizani Kwanza

Hotuba kwa walimu wa sayansi na jiografia, wakuu wa shule na kamati za shule za msingi, Moshi

Ndugu wakuu wa shule, walimu wenzangu, wenyeviti na wajumbe wa kamati, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya kuwafundisha watoto mabadiliko ya tabianchi, uendelevu na nishati jadidifu. Najua wengi wetu tukisikia maneno hayo tunawaza bango la kuchora ukutani na siku ya kupanda miti. Sipingi bango wala miti. Ila nina ombi moja, na nalitoa mapema ili hata atakayelazimika kuondoka kabla ya chai aondoke nalo: mtoto apewe kipimo kabla hajapewa hofu, na kabla hajapewa lawama.

Tazameni tunavyofundisha sasa. Muulize mtoto wa darasa la sita kwa nini barafu ya Kilimanjaro inapungua. Atasimama wima, mikono nyuma, atajibu: "Kwa sababu watu wanakata miti ovyo." Tutampigia makofi, tutampa vema. Jioni mtoto huyo anarudi nyumbani, anamkuta bibi yake anachochea kuni chini ya sufuria ya ndizi, na kichwani mwake bibi ndiye aliyemaliza barafu. Hilo si kweli. Na sisi tuliokabidhiwa somo la sayansi hatuna ruhusa ya kumwachia mtoto jambo lisilo kweli eti kwa kuwa linamhimiza kupenda miti.

Kweli yenyewe ina mikunjo mingi, na raha ya somo iko humo. Mwaka 1912 barafu ya mlima huu ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ikatoa taarifa kwamba barafu za Afrika zilizomo katika maeneo ya urithi wa dunia, yetu ikiwamo, huenda zikatoweka kabisa ifikapo 2050. Namba hizo mtoto anaweza kuzichora kwenye karatasi ya grafu na mstari akauona ukishuka kwa mkono wake mwenyewe. Lakini yuko pia Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Aliporudi 1898 aliona barafu imekwisha kurudi nyuma. Wakati huo viwanda vya dunia vilikuwa havijaongeza joto la kutosha kueleza alichokiona.

Wanasayansi waliopanda na vyombo vyao wameeleza hivi. Kule juu kileleni hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikawa maji ya kutiririka. Inapigwa na jua, inageuka mvuke moja kwa moja. Mnaviona vile vipande vya barafu vilivyosahauliwa kwenye friza miezi kadhaa, vinavyosinyaa bila tone la maji kudondoka? Ni jambo lilelile. Mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya upande huu wa Afrika ilikuwa kavu zaidi, mawingu na theluji vikapungua, barafu ikawa inatoka bila kujazwa. Kisha joto la dunia likaja kuongezea juu yake, na joto hilo hugusa hata Bahari ya Hindi ambako mvua zetu hutoka.

Na miti? Miti ina kesi yake, tena nzito, ila ni kesi ya maji. Maji ya mifereji yetu na ya mabomba yetu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, yanatoka kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua hunyesha zaidi kuliko juu au chini yake. Miti ya juu kabisa, ile yenye ndevu za kuvu na mwani, hukamata hata ukungu ukadondoka kama mvua. Moto ukipita huko, kama ule wa Oktoba 2020 ambao wengi wetu tuliuona usiku tukiwa barazani, hasara yake tunaihesabu kwenye chemchemi. Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la sita hakukosea sana. Jibu lake ni zuri, ila ni jibu la swali jingine. Kazi ya mwalimu ni kumtafutia swali lake.

Niseme kidogo juu ya hewa ya ukaa, ile gesi inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta au kuni, maana hapo ndipo vitabu vinapokimbia haraka. Mwambie mtoto asome kipimajoto uani kwao saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kwa wiki kadhaa, na aandike kama anga lilikuwa na nyota au mawingu. Ataona mwenyewe kwamba usiku wa nyota nyingi hupoa zaidi. Ardhi hutoa joto usiku kucha, na mawingu na mvuke huzuia sehemu ya joto hilo lisipotee angani. Hewa ya ukaa hufanya kazi hiyo hiyo, mchana na usiku, mwaka mzima, na haina msimu wa kunyesha ikaisha. Mmarekani Eunice Foote aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo juani mwaka 1856, akaona mtungi wenye hewa ya ukaa unapata joto zaidi na unakawia kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, kule London, akapima kwa chombo bora jinsi gesi hizo zinavyozuia joto lisiloonekana kwa macho. Walimu, somo hili ni la zamani kuliko reli ya Tanga. Halikuletwa juzi na mashirika.

Nawasihi hapa tuwe waangalifu: lile jaribio la chupa mbili za soda juani, moja ina hewa ya kawaida na nyingine ina gesi ya magadi na siki, lisitangazwe kuwa ushahidi. Gesi nzito ndani ya chupa huchanganyika kwa namna tofauti, na joto linaloonekana pale mara nyingi linatokana na hilo. Afadhali mtoto asome kipimajoto chake cha usiku kwa subira kuliko kumpa mazingaombwe yenye jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Kisha mpe grafu moja tu. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa 280 hivi. Walipoanza kuipima mfululizo mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, ilikuwa 315 hivi. Sasa imepita 420. Mstari huo una meno kama msumeno: unashuka kila mwaka mimea ya kaskazini inapochipua, unapanda tena majani yanapopukutika. Nimeona watoto wakikaa juu ya meno hayo kwa kipindi kizima, wakibishana, kwa sababu ni mara ya kwanza wanaiona dunia nzima ikivuta pumzi. Halafu waulize nani ametoa hewa hiyo. Bara letu lote, kuanzia Cairo hadi Cape Town, hutoa sehemu 4 hivi katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi kila mwaka. Mtoto ana haki ya kuijua namba hiyo. Itamwondolea bibi yake lawama, na itampa nguvu ya kuzungumza na watoto wa nchi nyingine akiwa ameinua uso.

Sasa mtaniuliza: kama kuni za bibi si chanzo kikubwa, mbona nataka tuingie jikoni? Kwa sababu jikoni ndipo penye kila kitu anachohitaji mtoto kujifunza juu ya nishati, na pana madhara yake mengine ambayo hayahitaji barafu kuyathibitisha. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya watu milioni 3 hivi kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa ndani ya nyumba, wengi wao kwenye nchi zinazopikia kuni na mkaa. Serikali yetu imekwishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Shule zetu karibu zote zinaguswa na agizo hilo. Basi kabla jiko halijabadilishwa, watoto walipime.

Nitaeleza hatua kwa hatua, maana hili nimelifanya na darasa la sita na la saba na ninalijua linavyokwenda.

Chukueni sufuria yenye maji lita 10, ambayo ni kilo 10. Pimeni joto la maji, tuseme nyuzi 20. Hapa Moshi mjini tuko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, wala si 100 kama kitabu kinavyosema. Shule za Marangu na Uru, zilizo juu zaidi mlimani, zitapata chini zaidi ya hapo, na hilo peke yake ni kipindi kizima. Kutoka 20 hadi 97 ni nyuzi 77. Kilo moja ya maji kupanda nyuzi moja inataka nishati ya kilojuli 4.2. Watoto wazidishe wenyewe: 10 mara 77 mara 4.2, wanapata 3,234. Sasa waambie kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000 hivi. Wagawanye. Jibu ni gramu 200 na kidogo.

Kata kipande cha kuni cha gramu 200, kipitishe darasani mkono kwa mkono. Ni kijiti tu. Waulize: kijiti hiki kinatosha kuchemsha maji haya? Hesabu inasema ndiyo. Watoto watacheka, maana wote wameshachochea moto nyumbani na wanajua haiwezekani.

Twendeni sasa jikoni kwenye mafiga matatu. Pimeni kuni kwa mzani wa kuning'iniza kabla ya kuwasha. Maji yakichemka, zimeni, pimeni zilizobaki pamoja na makaa, mtoe kwenye kilo za mwanzo. Mara nyingi inakuja kilo moja na nusu, au mbili. Yaani katika kila vipande kumi vya kuni, kimoja hivi ndicho kilichoingia kwenye maji. Tisa vimekwenda wapi?

Hilo ndilo swali ninalotaka liingie vichwani mwa watoto wote wa wilaya hii. Waache walitafutie jibu kwa mikono na macho. Watasogeza viganja pembeni ya moto na kusikia joto linalotoka bila kugusa sufuria. Wataona mawe yenyewe yamepata moto. Wataona masizi, na utawaambia masizi ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Moshi vilevile: ni nishati iliyolipiwa ikaingia machoni mwa mpishi na kutoka dirishani. Halafu watazame ncha ya gogo bichi lililomo motoni. Litatoa povu jeupe, litatokota na kulia "shii". Lile povu ni maji ya ndani ya mti, na moto unalazimika kuyachemsha hayo kwanza kabla ya kuanza kuchemsha ya kwenu. Sijaona mtoto akiliona povu lile mara moja akalisahau.

Na hapo mwalimu aketi pembeni, ampishe mama mpishi afundishe. Yeye ndiye anayejua mgrevilea unawaka vipi ukilinganisha na mparachichi, kuni zilizokaa chini ya paa tangu kiangazi zina tofauti gani na zilizoletwa jana na mvua, na kwa nini upepo ukigeuka jikoni panakuwa hapaingiliki. Ana maarifa ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kumwomba ayaseme mbele ya darasa. Nimeona wapishi wakivaa kanga mpya siku ya somo hilo. Heshima hiyo ni sehemu ya elimu ya mazingira, na haigharimu bajeti.

Siku nyingine rudieni kwa kubadili jambo moja moja tu. Mara hii kuni zilizokaushwa. Mara ile kifuniko juu ya sufuria. Wiki inayofuata jiko banifu lenye kuta za udongo na bomba la moshi, kama shule inalo au jirani analo. Makande ya maharage yaliyolowekwa tangu jana na yale ambayo hayakulowekwa. Kila jambo na kilo zake ubaoni. Watoto watagundua kwamba baadhi ya akiba kubwa, kifuniko na kuloweka, haikuhitaji mfadhili wala sherehe ya uzinduzi.

Kisha waleteni kwenye swali gumu, kwa sababu wanaliweza. Gesi ya mtungi haina moshi, inaokoa mapafu ya mama mpishi na miti ya ukanda wa msitu wa Nusu Maili. Lakini inatoka kwenye mafuta na gesi ya chini ya ardhi, ikichomwa imekwisha. Kuni, kama shamba lake linapandwa kadiri linavyovunwa, zinarudi, lakini moshi wake unaua. Ipi bora? Msiwape jibu. Bayogesi kutokana na samadi, ambayo CAMARTEC, kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini pale Arusha, wameishughulikia tangu miaka ya 1980, na jiko la presha la umeme linaloivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, yote yaingie kwenye mjadala na gharama zake. Shule yenye ng'ombe wa ndani itafikia jibu moja, shule ya tambarare isiyo na maji itafikia jingine, na zote mbili zinaweza kuwa sawa.

Kamati za shule, hili linawahusu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni shule ngapi hapa zinajua zimetumia kuni kilo ngapi muhula uliopita? Tunajua fedha tuliyolipa lori, au tunajua kila mtoto aliambiwa alete kipande, basi. Darasa la sita likishika daftari la kuni, mtapata hesabu ambayo hata mkandarasi wa jiko jipya atalazimika kuijibu: kabla tulitumia kiasi gani, baada ya jiko lako tunatumia kiasi gani.

Nije kwenye umeme. Hapa kwetu hatuhitaji picha za nchi za mbali. Maji ya mlima huu na ya Meru yanashuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya megawati 8. Yanaendelea na mto Pangani, yanafika Hale, megawati 21, kisha New Pangani Falls, megawati 68, ndipo yanaingia baharini. Chora mto huo sakafuni kwa chaki, kuanzia mlango wa darasa hadi ubaoni, na watoto wasimame kwenye vituo vyake. Mmoja awe mpunga wa skimu ya Lower Moshi, mmoja miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, mmoja mvuvi wa Nyumba ya Mungu, mmoja mtambo wa Hale. Mpe wa kwanza ndoo ya maji na kikombe. Watajua wenyewe kwa nini watu wa juu na wa chini ya mto huzozana wakati wa kiangazi, na hutahitaji kuwaeleza uendelevu ni nini.

Kisha panueni hadi Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Tisa mara 235, wazidishe: 2,115. Ni kazi ya kujivunia. Lakini wazazi wao wanaukumbuka mgao wa umeme wa 2006 na wa 2011, mabwawa yalipokauka. Mtoto aambiwe kwamba umeme wa maji hautoi moshi na bado unategemea mvua ileile ambayo tabianchi inaivuruga. Ndiyo maana nchi inataka vyanzo vingi. Jirani zetu Kenya hupata zaidi ya theluthi ya umeme wao kwenye joto la ardhi, hasa Olkaria, na wana mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana. Nasi tuna jua, tuna upepo Singida na Mufindi, na hapo TPC makapi ya miwa yanazalisha umeme wa kiwanda kila msimu. Watoto wa Arusha Chini wanauona moshi wake bila kujua wanatazama nini.

Sola naisemea kwa uchungu. Ipo shule moja, sitaitaja, iliyofungiwa paneli nzuri na betri nzuri. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na utepe. Baada ya muda mfupi taa zilikufa, na paneli bado ziko juu ya paa hadi leo, hazina kosa lolote. Kilichokufa ni betri. Taa za nje ziliachwa kuwaka hadi asubuhi, simu za mtaa mzima zilichajiwa ofisini, hakuna aliyesoma kipimo hata siku moja. Paneli huishi zaidi ya miaka 20, lakini betri ya maji ikinyonywa hadi chini kila usiku huisha upesi. Na watoto wa shule ile walijifunza nini? Walijifunza kwamba sola ni kitu kinachokufa.

Ingetosha watoto wawili wa zamu na kipimavolti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.0 imebakiwa na robo hivi, taa zipunguzwe. Wanaandika kila asubuhi, na mwisho wa mwezi darasa linachora grafu na kuona siku za mawingu zilivyofanya. Waacheni pia waweke kiganja juu ya kipande kimoja tu cha paneli na kutazama namba ya kipimo: haishuki kidogo kama wanavyotarajia, inaweza kushuka theluthi au zaidi, kwa sababu vipande vimefungwa kwa mfuatano na kimoja kikizibwa kinawazuia wenzake. Baada ya hapo hamtahitaji kumlipa mtu kukata tawi linaloweka kivuli. Watoto watawakumbusha kila siku. Na yeyote anayesema haya ni ya mafundi tu, aende Kinyasini, Unguja, kwenye chuo cha Barefoot. Wanawake wa vijijini, wengine hawakupata kusoma, hufundishwa hapo kufunga na kutengeneza mifumo ya sola, na wakirudi vijijini mwao ndio wanaoitwa taa ikizimika.

Juu ya miti nitasema machache. Kampeni ya Soma na Mti ni nzuri, na ina neno ambalo tunalisahau: kutunza. Hesabuni miti iliyo hai mwezi wa Novemba, msihesabu iliyopandwa siku ya mgeni rasmi. Na kabla ya kuagiza miche, mpelekeni mtoto kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha babu yake akachore: mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini kabisa, ng'ombe bandani, samadi inarudi shambani, masale mpakani, mfereji unapita kwa zamu. Kihamba cha Shimbwe Juu kimetambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kama urithi wa kilimo wa dunia. Wataalamu wamesafiri kutoka mbali kuja kujifunza hapo, na mtoto anayelala hatua chache kutoka hapo anafundishwa uendelevu kwa mfano wa nchi ambayo hajaiona.

Kipimamvua. Chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa na kugeuzwa kuwa faneli, rula, na nguzo mahali pasipo na paa wala mti. Saa tatu asubuhi kila siku, mtoto mmoja, daftari moja gumu. Darasa la tatu linaanza, likihitimu linakabidhi kwa linalofuata. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia miaka 30 kupata picha ya tabianchi ya mahali. Miaka 30! Mwalimu utakayeanzisha daftari hilo huenda ukastaafu kabla halijafika, na mtoto wa mtoto uliyemfundisha ndiye atakayesoma mstari wa mwisho. Hata hivyo mwaka wa tatu tu utaanza kuwa na maneno: masika ya mwaka gani yalichelewa, siku gani zilinyesha milimita nyingi kwa mkupuo, vuli ipi ilikosa. Mzazi akisema "siku hizi mvua zimebadilika," mtoto atakuwa na cha kumjibu, awe anakubali au anapinga.

Mwisho, hofu. Desemba 2023, siku chache baada ya tope la mlima Hanang' kufunika sehemu za mji wa Katesh, watoto waliniuliza kama mlima wetu nao utaanguka. Tusiwadanganye kwamba hakuna hatari, wala tusiwaambie dunia inaisha. Niliwaambia kilichojulikana: sehemu ya mlima ilimeguka baada ya mvua kubwa, mwaka ule kulikuwa na El Nino na Bahari ya Hindi ilikuwa na joto, na hewa ikipanda nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Kisha tukatoka nje tukaangalia korongo la nyuma ya vyoo, maji yakija yatapita wapi na sisi tutakimbilia wapi. Walirudi darasani wakiwa wametulia. Mtoto anayejua njia ya maji kwenye uwanja wake analala vizuri kuliko aliyeambiwa ombeni Mungu tu, na kuomba bado ataomba.

Walimu, masika yanaanza Machi. Kipimamvua kinatakiwa kisimame kabla ya hapo, la sivyo mwaka mzima umepotea. Mizani ya kuning'iniza na vipimavolti vipo hapa mezani, ni vya kuazima kwa muhula, mnaandika jina la shule na la mwalimu atakayevitunza. Shule za juu, za Kibosho na Uru, ziwahi kuchukua kwa sababu gari la kurudi halisubiri. Wakuu wa shule, naomba kila mmoja aniambie kabla ya chai ni darasa lipi litashika daftari la kuni, na jina la mama mpishi atakayelifundisha.